Dawa Iliyosubiri Magharibi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa natema mate sana mwezi wa Ramadhani. Nilitema njiani kwenda shule, nilitema kisimani, nilitema mbele ya mlango wa darasa ili kila anayepita aone. Nani aliniambia kwamba aliyefunga hamezi mate yake sikumbuki, lakini jambo hilo nililishika kuliko nilivyoshika sala. Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya kutoka Mpanda kwenda Inyonga, na jina lake sitalitaja kwa sababu baadhi ya watu nitakaowasema bado wako hai. Waislamu tulikuwa nyumba chache. Shuleni waliniita Mama Haji kwa ajili ya ushungi wangu mweupe, wakidhani wananiudhi, kumbe mimi nilitamani waniite hivyo hata siku za likizo.

Nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwajuma. Wazazi wangu walikuwa Majengo, Mpanda mjini, baba akibeba mizigo stesheni ya reli. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini. Aliswali, akafunga, akalima tumbaku yake, akazalisha wanawake wa kijiji kizima bila kumuuliza mtu anasali wapi. Mate yangu yalimkera.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku moja, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "wewe unafunga au unatangaza?"

"Nafunga, bibi."

"Basi meza mate yako. Mungu hahitaji uthibitisho wa kwenye vumbi."

Alfajiri iliyofuata, tukila daku ya ugali wa jana na maziwa ya mgando, alinipa onyo ambalo nililicheka. Alisema saumu ukishaifunga si yako tena, umekabidhiwa tu mpaka jioni. Akasema iko siku mtu atakuja kunidai niifungue, na mtu huyo hatakuja na pilau. Atakuja na fimbo. Nilicheka kwa sababu nilidhani ni hadithi za wazee za kututisha tusichungulie vyungu mchana, maana bibi alikuwa na nyingi za aina hiyo, kama ile ya mtu aliyekula mchana wa Ramadhani akaota mkia.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Kila aliyekuwa na akili wakati ule anazikumbuka. Mto ulivunja daraja, magari ya Mpanda yakaacha kufika, tumbaku ikaozea shambani na iliyovunwa ikakosa moto wa kuikaushia. Mbu walikuwa wengi kuliko nafaka. Watoto walianza kushikwa na homa, kisha wakaanza kufa. Ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kwetu wakitafuta malisho walikufa wamesimama kwenye matope. Zahanati ilikuwa na mganga mmoja na kabati tupu.

Mtoto aliyetuletea balaa sisi aliitwa Doto. Alikuwa pacha wa Kulwa, watoto wa Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyekuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Bibi ndiye aliyewapokea mapacha wale walipozaliwa. Doto alipozidiwa, mama yao alimbeba kwenye mvua mpaka kwetu. Bibi akamwandalia kombe: Maalim Hamisi, mwalimu wetu wa madrasa, aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, bibi akaosha maandishi kwa maji safi, mtoto akanyweshwa. Hivyo ndivyo tulivyofanya na sisi, nalisema kabisa, kwa sababu leo wapo wanaotaka ionekane kwamba ushirikina wote ulikuwa wa wenzetu. Doto alikunywa, akalala, na kesho yake akafa.

Msibani Mama Kulwa alimtazama tu bibi, akamtazama tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha kitu.

Wiki hazikupita nyingi lambalamba wakaingia. Hao ni waganga wanaohama kijiji hadi kijiji wakifichua wachawi. Walikuja kwa miguu, wakiwa na ngoma na kioo na beseni la plastiki la rangi ya bluu. Mkubwa wao alijiita Chuma. Alikuwa kijana, na hilo liliniogopesha zaidi, maana nilizoea kwamba wenye mambo hayo ni wazee. Sheria yao ilikuwa nyepesi: kijiji kizima, mkubwa kwa mdogo, kinalamba dawa siku moja mbele ya macho ya watu. Asiye mchawi hapati kitu. Mchawi anavimba na kufa. Anayekataa amejitaja mwenyewe. Na kulikuwa na sharti moja ambalo Chuma alilirudia mara nyingi: mtu mzima lazima achovye kidole chake mwenyewe na kulamba kwa hiari yake. Dawa ya kulazimishwa, alisema, haimjui mtu mzima. Mtoto anaweza kulazimishwa, kwa kuwa mtoto hana siri.

Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamepita kijiji cha pili. Mzee mmoja wa huko alikataa kulamba. Habari zilizotufikia ni kwamba walimkata kwa mapanga kisha wakaichoma nyumba mwili ukiwa ndani. Polisi walikuwa Mpanda, ng'ambo ya daraja ambalo halikuwepo.

Tatizo letu sisi Waislamu lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyeliona ila sisi. Siku waliyoipanga ilikuwa ya Ramadhani, na kulamba kungekuwa mchana.

Tulikusanyika kwenye msikiti wetu wa matope. Maalim Hamisi alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Alisema dharura inaruhusu. Mtu akihofia roho yake anakula hata mzoga. Tutalamba, tutakula siku hiyo, na baada ya mfungo tutailipa. Mwenyezi Mungu si mkatili. Watu walishusha pumzi. Bibi, aliyekuwa nyuma upande wa wanawake, akauliza swali moja tu.

"Maalim, na wao wakingoja mpaka magharibi, si tutalamba bila kuvunja kitu?"

"Bibi Mwajuma, nani atawaambia wangoje?"

"Mimi nitawaambia."

"Na wakikataa?"

Bibi akajifunga kanga yake vizuri, akasema majivu na majani hayana dini, yeye hayaogopi na atayalamba, lakini saa ya kula kwake mwezi huu haipangwi na Chuma. Mtu mmoja alicheka kidogo kwa woga.

Siku ilipofika kulikuwa na wingu zito toka asubuhi, mvua ikija na kukata. Tulipangwa foleni mbele ya godauni la tumbaku, ngoma ikipigwa, sungusungu wamesimama pande zote na fimbo na mapanga yao. Beseni la bluu lilikaa juu ya kiti. Dawa ilikuwa nzito, ya kijivu, inanuka asali iliyochacha. Watu walichovya, wakalamba, wakapakwa nyingine kwenye paji la uso, wakaenda kusimama upande wa pili wakijipapasa tumbo. Maalim Hamisi alipofika alifumba macho na kulamba haraka, akapita bila kututazama. Waislamu wenzetu wakamfuata mmoja mmoja. Sikuwadharau. Nilikuwa na njaa, na nilifahamu kabisa wanachokwepa.

Foleni ilitufikia alasiri ikiwa imeshaingia. Bibi alisimama mbele ya beseni, akamsalimia Chuma kama anavyosalimiwa kijana yeyote.

"Hujambo mwanangu. Mimi nimefunga. Jua likizama nitalamba, hata ukitaka bakuli zima."

Ngoma ikanyamaza. Chuma alitabasamu, akageukia watu. "Mmesikia? Anataka giza. Mchawi siku zote anataka giza."

"Sitaki giza, nataka magharibi. Wenzangu wa dini hapa wanajua."

Chuma akawatazama wale wenye dawa kwenye paji la uso. "Waislamu si hawa wamelamba? Mwalimu wao si yule pale? Mbona wao dini yao haikuwazuia?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumekwisha. Maalim alikuwa anatazama chini, na kulamba kwake, alikofanya ili asiuawe mtu, kumekuwa ndio ushahidi wa kumuua bibi. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka kwenye kundi. Ilikuwa ya Mama Kulwa.

"Alimnywesha mwanangu maji yake! Mwanangu alikunywa ya kwake mchana kweupe. Mbona yeye hataki kunywa yetu?"

Kelele zilizofuata sijui kuzieleza. Mtu aliniambia baadaye kwamba nyuki wa mizinga wakichokozwa hulia hivyo. Bibi aligeuka upesi akanishika bega. "Wewe lamba," akaninong'oneza. "Haijakulazimu bado, wewe ni mtoto. Lamba upite."

Nikatikisa kichwa. Sikuwa shujaa, msinielewe vibaya. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, kwamba hii ndiyo fimbo aliyonitajia kwenye daku, na kama imekuja kweli basi na yale mengine yote aliyonifundisha ni kweli. Msaidizi mmoja wa Chuma alinikamata. Alinivuta ushungi kwa nyuma mpaka ukanikaba koo, pini ikanichana shavu, kitambaa kikatoka na nywele nyingine. Mwingine akaniminya taya. Vidole vyake vikaingia kinywani na dawa, nikaviuma mpaka nikasikia mfupa. Alinipiga kofi, jicho moja likaona mwanga mweupe, akanipiga tena, kisha akanifunga pua mpaka nikameza. Nilianguka kwenye tope nikilia, si kwa maumivu. Nilikuwa nalia saumu yangu iliyokuwa imefika alasiri.

"Tatu!" Bibi aliita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Tatu, nyamaza. Haijavunjika. Umelazimishwa, haijavunjika. Endelea nayo."

Fimbo ya kwanza ilimpata akiwa bado ananiambia hivyo. Ilimpata mdomoni.

Nitasema niliyoyaona na nitayasema mara moja. Walimpiga kwa fimbo za sungusungu, zile nyeusi za mpingo, mgongoni na miguuni, akaanguka, wakaendelea. Mmoja alimpiga kwa ubapa wa panga begani, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayepiga nguo mtoni. Walikuwa watu tunaowajua. Mmoja aliyempiga teke la mbavu, mke wake alikuwa na mimba, na bibi ndiye aliyekuwa akienda kumpapasa tumbo kila Ijumaa. Kanga ilimfunguka, na bibi, badala ya kujikinga kichwa, alikuwa anaikusanya kanga. Nilijaribu kumwendea, mtu akanikanyaga mkono. Chuma hakupiga hata fimbo moja. Alishika beseni lake lisimwagike.

Mzee Masanja ndiye aliyepaza sauti waache. Sijui kwa nini, huenda aliwakumbuka mapacha wake. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu, na watu walimwogopa. Alichuchumaa kwenye tope.

"Mayu," alimwambia, akitumia neno la Kisukuma analoitwa mama, "lamba yaishe. Tafadhali. Weka kidole tu."

Bibi alitema jino. "Masanja, mwanangu, jua bado. Wewe ni mfugaji, hujui jua likizama?"

"Wakikuua?"

"Watakuwa wameniua. Lakini si wewe unayesema nilambe? Nitalamba. Nipeni mpaka magharibi tu."

Masanja aliinuka, akawaambia wenzake kwamba afungwe kwenye nguzo ya godauni mpaka jua lizame, na akikataa tena wafanye wanachotaka. Chuma alilalamika, lakini kijiji kilikuwa cha Masanja. Bibi akafungwa ameketi, mgongo kwenye nguzo, kamba ya tumbaku mikononi. Mimi wakaniacha nikae karibu naye. Nilimfunika kichwa kwa ule ushungi wangu uliochanika, kwa kuwa wake ulikuwa haupo.

Sasa hapo tukawa tunangoja jua ambalo hakuna mtu aliyekuwa analiona. Wingu lilikuwa limefunika kila kitu toka asubuhi. Saa ya mkononi kijijini ilikuwa moja, ya katibu wa chama cha tumbaku, naye alikuwa amekwama Mpanda. Watu walichoka. Walilowana, walikuwa na njaa, ngoma ilikuwa inawachosha, na uchovu ulikuwa unageuka kuwa hasira upya. Kuna aliyeanza kusema anatuchezea. Mwingine akaokota jiwe, akawa analipimapima mkononi.

Ndipo tukasikia adhana.

Maalim Hamisi alikuwa amekimbia mpaka msikitini, akapanda juu ya kinu mlangoni, na kwa kile kikohozi chake akaadhini magharibi. Watu wote waligeuka. Masanja akashusha pumzi, akachukua beseni mwenyewe akalileta mbele ya bibi na kumfungua mkono mmoja.

"Haya, mayu. Mwalimu wenu kaita."

Bibi alitega sikio mpaka adhana ikaisha. Jicho lake moja lilikuwa limeziba kabisa. Kwa lile lililobaki alitazama uwanjani, kwenye nyumba iliyo jirani na godauni, ambako kuku walikuwa bado wanachakura matope.

"Maalim kawahi," akasema. "Kuku hawajaingia."

Nimeyafikiria maneno hayo nusu ya maisha yangu. Maalim alijitia dhambini ili kumwokoa, aliita sala kabla ya wakati wake, jambo ambalo mtu kama yeye asingelifanya hata kwa kupewa ng'ombe. Alimfungulia mlango. Bibi alikuwa na haki ya kupita, adhana ni adhana, kosa lingekuwa la mwadhini. Nilimshika goti, nikamwambia kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu afanye ninavyotaka mimi. "Bibi, lamba. Bibi, nakuomba, lamba."

"Kidogo tu kimebaki, mke mwenzangu," akanijibu. "Tumetoka nayo mbali."

Mama Kulwa alikuja kutoka pembeni akiwa na mchi wa kutwangia. Hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyemwona, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, akitembea kama anakwenda kutwanga. Alimpiga bibi kifuani kwa nguvu zake zote. Kisha akaangusha mchi, akakaa chini palepale tope lote lile, akaanza kumlilia Doto kwa sauti, akimwita njoo, njoo. Bibi alikuwa anatafuta pumzi. Aliunyosha ule mkono uliofunguliwa akamgusa kichwani, akauacha hapo. Watu walitazama. Mwenye jiwe alilitupa.

Kuku wakaanza kuingia. Jogoo kwanza, halafu majike yenye vifaranga. Giza lilianza kutoka porini, kwenye miombo, likija upande wetu. Bibi aliomba maji. Nilichota ya mvua kwenye pipa la godauni, nikamnywesha, akasema bismillahi, akanywa kidogo, yakatoka mengine na damu. Akanirudishia kopo. "Nawe fungua," akasema. Nikanywa. Sijawahi kunywa maji ya namna ile tena, na sitaki.

"Haya," akamwambia Chuma, "lete beseni lako."

Alichovya kidole, akalamba. Akachovya tena, akalamba. Hakuwa na haraka yoyote. Alikilamba kidole mpaka kikawa safi, kama mtu aliyemaliza kula mboga nzuri, akakifuta kwenye kanga. Watu wote wa kijiji walikuwa wanamwangalia tumbo. Halikuvimba. Masanja alikata kamba, akambeba mwenyewe mpaka nyumbani kwetu.

Bibi alikufa kesho yake asubuhi. Mbavu zilikuwa zimevunjika ndani, kila mtu aliyemgusa alizisikia. Lakini Chuma alipiga ngoma kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho akitangaza kwamba dawa imemkamata. Alilamba, akafa: wanataka nini tena? Walewale waliomtwanga wakaniambia mimi, kwa huruma kabisa, pole mwanangu, hukujua unaishi na nani. Nyumba yetu ilichomwa kabla ya adhuhuri. Wanawake wa Kiislamu waliogopa kumgusa, isipokuwa mke wa Maalim, ambaye alikuja na ndoo ya maji akanionyesha namna ya kumwosha. Tulimwosha sisi wawili nyuma ya msikiti, mvua ikitusaidia. Maalim alimswalia na watu wachache, na katikati ya takbira sauti ilimpotea, ikabidi akae.

Wakati wa maziko, mwanamke mmoja jirani, mtu mwema, aliniletea uji kwenye kikombe. Nilikuwa sijala kitu, daku haikuwepo. Alinishikisha kikombe kwenye ule mkono uliokanyagwa.

"Asante, mama," nilimwambia. "Nimefunga."

Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, na mate yangu nilikuwa nayameza.

Baba alifika barabara ilipopitika, akanichukua kwenda Majengo. Lambalamba walikuwa wameshaondoka zamani, na nasikia Chuma aliendelea na kazi yake sehemu nyingine mpaka polisi walipomkamata. Homa haikukoma kijijini kwa kuwa bibi amekufa. Iliondoka mvua zilipoondoka.

Nimekuwa mkubwa, nimesoma dini zaidi ya alivyosoma bibi, na ninajua kwamba Maalim Hamisi alikuwa sahihi kitabuni. Dharura inaruhusu. Wanangu wakiwa kwenye hatari kama ile nitawaambia walambe, nitawashika vidole mwenyewe niwachovye. Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira na bibi, na kwa ajili ya wale kuku hasa. Nilikuwa najiuliza alinipendaje, kama aliweza kunitazama nikimwomba na bado akasubiri. Leo nadhani hakuwa anawakatalia hata kidogo. Alikubali kulamba, alikubali kila kitu chao. Kitu kimoja tu alikiweka kando kisiguswe, na akakiweka wazi mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimevaa dini kichwani kama sare ya shule. Yeye hakuwa ameivaa popote, kwa hiyo walipomvua nguo hawakuipata.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja aliingia kwenye duka langu la vitenge hapa Majengo, akiongozwa na mjukuu. Macho yalikuwa yamekwisha na mwili umepungua, lakini ule urefu ningeusahauje. Nilimpa kiti. Alimtuma mjukuu nje, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Wewe ndiye Tatu wa mayu Mwajuma?"

"Ndiye mimi, babu."

"Mwanangu, mimi nakaribia kwenda. Nimekuja kukuuliza. Yule mayu," akameza mate, "alikuwa mchawi, au hakuwa?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia Mzee Masanja niliyoyaweka kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimeyanoa. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa ananipa nafasi: nikisema alikuwa, atarudi kwake mwepesi alale usingizi, nikisema hakuwa, atakwenda nalo kaburini. Nilimtazama mikono yake iliyombeba bibi. Ilikuwa imempiga pia, kabla hajapaza sauti waache.

"Babu," nikamwambia, "alikuwa amefunga."

Alingoja niendelee. Sikuendelea. Taratibu uso wake ukaanza kuvunjika, akalia kama wanaume wazee wanavyolia, mdomo wazi na hakuna sauti. Sikumsamehe siku ile, na nikiulizwa kama nimemsamehe sasa sitakuwa na jibu. Niliingia ndani nikamletea maji ya kunywa, nikamshikisha glasi kwa mikono miwili kwa kuwa hakuiona, nikasimama karibu naye mpaka akamaliza yote. Ilikuwa mchana wa Ramadhani, koo langu lilikuwa limekauka, na hakujua.